Mgongo wa Kiti

Fundi wa makochi aliingia kwenye uigizaji kwa sababu ya ugomvi wa bei, na mtu yeyote aliyewahi kununua kochi kwake hatashangaa.

Siku hiyo alikuwa amepeleka makochi mawili kwenye ukumbi wa maonyesho, ule wenye ngazi pana mbele na mlango mwembamba wa nyuma ambao makochi hayapiti mpaka uyalaze ubavu. Mwalimu, mama mstaafu aliyeutunga mchezo na kuusimamia mwenyewe, aliyazunguka makochi mara mbili, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, kisha akasema bei aliyotajiwa ni ya kununua, si ya kukodi.

"Mama, kukodi ndiko kunakoua kochi," Fundi alimwambia. "Aliyenunua hukaa taratibu, ni mali yake. Aliyekodi hujitupa kama gunia la mkaa."

"Waigizaji wangu hawajitupi."

"Basi hao si waigizaji, ni watu waliokuja kutoa pole. Mama, tusichoshane. Mkokoteni bado uko mlangoni. Mimi sikuja hapa kuheshimiwa, nimekuja kulipwa. Heshima nitajinunulia mwenyewe nikitoka."

Jukwaani walikuwepo waigizaji watano, na mmoja wao, karani wa benki aliyepewa nafasi ya mbaya wa mchezo, alikuwa ameshika karatasi zake kifuani. Karani huyo alikuwa mtu mpole, na kwa wiki tatu alikuwa akitukana kama anayeomba samahani.

"Hebu rudia," Mwalimu alisema.

"Nirudie nini? Bei?"

"Hilo la heshima. Lirudie ukimtazama yule dada pale."

Fundi alirudia. Hakuona ugumu wowote, ni maneno aliyokuwa akiyasema kila siku kwa mtu huyu au yule. Karani wa benki ndiye aliyeshuka jukwaani kwanza, akampa mkono na kumkabidhi karatasi, uso umemng'aa kama mtu aliyetolewa plasta ya mfupa mguuni.

Mchezo wenyewe ulimhusu mtu aitwaye Bwana Kokoto. Alianza kwa kupasua mawe kwa mkono wake, akapata lori moja, akapata la pili, kisha akaoa binti wa watu wa ofisini. Kaka wa mke, mwenye suruali iliyopigwa pasi hadi mkunjo ukawa kama wembe, anakuja kukaa nao, na tangu hapo nyumba haina amani. Kokoto anaona kila kitabu kinachofunguliwa kinafunguliwa ili kumcheka. Hampigi mtu ngumi. Anapiga meza. Anahesabu vijiko mbele ya wageni. Anamuuliza mkewe maswali ambayo jibu lake lolote ni kosa. Mwishoni wanaondoka wote, naye anabaki na nyumba nzima peke yake.

Fundi aliusoma kwa siku mbili, amekaa juu ya marobota ya sponji karakanani. Alipomaliza alikuwa na swali moja tu, na alimpelekea Mwalimu bila aibu: "Huyu mtu kosa lake ni nini hasa?"

Mwalimu alimtazama kwa muda. "Wewe cheza tu, Fundi. Tutaulizana baadaye."

Sasa, mtu wa bei hafanyi kazi bure, na Fundi hakutaka fedha. Alitaka kiti. Kiti kimoja, safu ya tatu, katikati, Jumapili zote tatu za maonyesho, kisikaliwe na mtu mwingine hata ukumbi ukifurika. Mwalimu alijaribu kumpunguza: safu ya sita, pembeni. Fundi alikunja karatasi na kuziweka mezani. Akapewa safu ya tatu.

Kiti kilikuwa cha mkewe.

Miaka miwili ilikuwa imepita tangu aondoke. Fundi hakuwahi kumwambia mtu kwamba amemkumbuka. Alisema nyumba imekuwa na mwangwi, kama anayelalamikia kasoro ya ujenzi. Alinunua mkate mzima wakati nusu ilimtosha, na nusu ya pili aliiacha ikauke, halafu akainunua tena. Jirani alimshauri achukue mke mwingine, akamjibu kwamba huwezi kubadilisha kitambaa kabla hujamaliza kung'oa misumari ya zamani. Jirani alicheka. Fundi hakucheka.

Mkewe huyo aliyeondoka alimpata akiwa kazini. Baba wa mke alikuwa mkuu wa shule mstaafu, na mtaa mzima ulimwita Mkuu hata baada ya shule kumsahau. Mkuu alimwita aje kubadilisha vitambaa vya makochi ya sebuleni, nyumba yenye vitabu mpaka juu ya kabati la vyombo. Kazi ya siku tatu Fundi aliifanya kwa siku tisa, kwa kuwa binti wa nyumba alimletea maji ya kunywa na kumuuliza majina ya vifaa vyake. Ndiye mtu wa kwanza wa tabaka lile kuuliza nyundo ile ndogo inaitwaje na kusubiri jibu. Siku ile alimwita kwa jina la Fundi tu, na hata walipooana hakulibadilisha. Fundi naye alimwita Bibie, kwa utani, na utani ukawa jina.

Baada ya harusi Mkuu alikuja kuwatembelea kwa mara ya kwanza. Fundi alikuwa amejenga kiti kwa ajili ya siku hiyo. Wiki tatu za kazi: mbao alizozichagua moja moja, springi zilizofungwa kwa kamba mara mbili, mahameli ya rangi ya damu ya mzee ambayo mteja tajiri alikuwa ameililia akanyimwa. Alikiweka katikati ya chumba na kusimama kando yake. Mkuu aliingia, akasalimia vizuri, akakitazama kiti, akatoa leso mfukoni, akafuta pale pa kukalia. Kisha ndipo akakaa.

"Baba hufuta viti vyote," mkewe alimwambia baadaye. "Hata kiti chake mwenyewe nyumbani. Ni mazoea ya chaki."

Fundi hakuamini. Leso ile iliingia mahali na haikutoka. Kuanzia siku hiyo kiti hakikukaliwa na mtu isipokuwa yeye. Alikigeuza kielekee mlango wa mbele, aone kila anayeingia kabla hajaonwa, na aliyekuja kwa miadi alimkuta pale, mikono juu ya mahameli, kama hakimu. Mkewe akisema neno asilolijua, alimwambia, "Tafsiri, hapa si shuleni kwa baba yako." Akicheka na dada zake barazani, alitaka kujua wanamcheka nani. Akichelewa dakika kumi sokoni, alipewa maswali ya saa moja. Na watoto hawakupata, jambo ambalo kila upande wa ukoo ulikuwa na maelezo yake.

Miaka kumi na moja ikaenda hivyo. Siku ya mwisho ilikuwa Jumamosi, saa saba mchana, mezani. Mkewe alisema angependa kuvichukua vitabu vyake vilivyobaki kwa baba yake, akauliza kama Fundi angemtengenezea rafu, ndogo tu, pale ukutani. Rafu kwa mtu mwenye msumeno ni kazi ya asubuhi moja. Lakini Fundi aliona leso.

"Vitabu vya baba yako hujavila," alimwambia. "Umekula nyundo yangu. Basi tafuna kimya."

Mkewe akatafuna kimya. Akameza. Akaosha sahani yake, na ya Fundi pia, akazifuta, akazipanga. Kisha akachukua begi moja na kwenda kwa dada yake, na mlango aliufunga polepole mno, Fundi akadhani ametoka kuanua nguo.

Sasa mkewe alikuwa akifanya kazi kwenye dirisha la kadi katika zahanati. Fundi alipanga foleni kama mgonjwa, nyuma ya mama mwenye mtoto anayekohoa, mpaka zamu yake ikafika.

"Mgonjwa nani?" mkewe aliuliza bila kuinua kichwa.

"Hakuna mgonjwa. Kuna mchezo."

Akainua kichwa. Alikuwa amekonda kidogo, na miwani ilikuwa mpya. Fundi alisukuma tiketi chini ya kioo.

"Pale ukumbini," alisema. "Pale alipokuwa akikupeleka baba yako. Mimi nimo."

"Umo wapi? Umewauzia viti?"

"Naigiza, Bibie. Mwenye nyumba."

"Hiyo hukuhitaji kujifunza." Aliigeuza tiketi, akaisoma nyuma, ambako hakukuwa na kitu. "Anayefuata!"

Lakini hakuirudisha. Fundi alitembea kwa miguu mpaka karakanani, mwendo wa saa nzima, akiirudia picha moja: watu mia tatu wa vitabu na miwani wamesimama wanampigia makofi, na mkewe katikati yao akiona kwamba wenyewe, wa kwao, wamemkubali. Hiyo ndiyo biashara aliyokuwa anaifikiria. Akishaona hivyo, atarudi. Hakuona pengo lolote kwenye hesabu hiyo.

Mazoezi yalikwenda vizuri isipokuwa mahali pamoja. Katika tendo la pili Bwana Kokoto anamkatisha mkewe mezani, na mstari aliouandika Mwalimu ulikuwa: "Mke wangu, heshimu jasho langu." Mke anajibu: "Kumbe miaka yote hii nilikuwa mgeni." Mke alichezwa na dada mmoja wa posta, mcheshi, ambaye wote walimwita Dada Stempu. Kila walipofika hapo, jibu lilikuwa zito na mstari mwepesi.

"Pamelegea," Mwalimu alisema. "Fundi, wewe ungesema nini?"

Swali hilo ukimuuliza fundi, umemfungulia ghala. Mteja akikwambia kitambaa hiki hapana, unamtolea kile bora ulichokificha nyuma. Fundi hakufikiri hata kidogo. Alisimama nyuma ya meza, akamtazama Dada Stempu, akasema, "Vitabu vya baba yako hujavila. Umekula nyundo yangu. Basi tafuna kimya."

"Mh!" Dada Stempu alisema, mkono kifuani. "Hiyo umeitoa wapi, Fundi?"

"Kichwani."

Mwalimu aliuandika kwa penseli, akabadilisha nyundo kuwa nyundo ya mawe. Fundi alifurahi. Aliona ametoa mali safi bila malipo, na kwa siku kadhaa alijisikia mkarimu. Hakujiuliza mali ile ni ya nani. Maneno yalisemwa na mmoja, lakini kuna mwingine aliyeyapokea, na huyo wa pili hakuulizwa.

Alileta pia kiti chake. Kiti cha jukwaani kilikuwa cha bandia, kinalia ukikikalia, akasema hawezi kuwa mwenye nyumba juu ya kitu kama kile. Dada Stempu alikizunguka kiti cha mahameli akakuta mgongo wake umefunikwa gunia, vichwa vya misumari viko nje.

"Jamani, mbele harusi, nyuma sokoni!"

"Mgongo ni wa ukuta, dada yangu. Hakuna anayelipia mgongo. Makochi yote mjini yako hivyo, nenda kayageuze."

Mwalimu aliamuru kisukumwe mpaka kigusane na pazia la nyuma.

Jumapili ya kwanza, saa tisa alasiri, ukumbi ulijaa. Fundi alichungulia kwenye tundu la pazia. Safu ya tatu, katikati, kilikuwepo kiti kimoja kitupu chenye karatasi juu yake. Mwanamume mmoja alijaribu kukikalia, mhudumu akamwondoa. Kikabaki kitupu mpaka taa zikazimwa.

Aliigiza vizuri kwa hasira ya kile kiti. Ulipofika mstari wa mezani, aliusema akiuangalia huo utupu, na ukumbi ukalipuka. Wanaume walipiga makofi. Wa vitambi na wa mashati ya kazi, walimu na makuli, wote pamoja, na mmoja kutoka juu akaita, "Mwambie huyo!" Wanawake hawakupiga. Fundi alisikia makofi yakimwingia mwilini kama chai ya moto, na ilimchukua muda kukumbuka kwamba yeye ndiye mbaya wa mchezo.

Wiki ile mstari ulitoka ukumbini ukaingia mtaani. Wapiga pasi walimwita "Tafuna Kimya!" kutoka ng'ambo ya barabara, na wakamnyooshea dole gumba. Muuza magazeti alikataa kuchukua hela yake. Alhamisi alikuja dereva wa lori la mchanga kuchukua kochi lake, akajisifu huku wanalifunga kamba.

"Fundi, ile yako nimeitumia nyumbani."

"Ipi?"

"Ile! Mama watoto kaanza, mara dada yake kapata kazi wapi sijui, nikamwambia, tafuna kimya. Alicheka, bwana. Wote walicheka, na watoto."

"Halafu?"

"Halafu nini?"

"Baada ya kucheka."

Dereva alifikiri, kamba mkononi. "Hakumaliza chakula. Akasema ameshiba." Akavuta fundo. "Lakini alicheka, bwana."

Fundi alimsaidia kupandisha kochi na hakumwomba nyongeza ya kufunga, jambo ambalo dereva alilishangaa mpaka akauliza kama kochi lina kasoro.

Jumapili ya pili alichungulia tena kwenye tundu la pazia, na kiti kilikuwa na mtu. Mkewe alikaa ameweka mkoba mapajani, mikono juu ya mkoba, kama alivyokuwa akikaa kwenye benchi la kusubiri kokote. Gauni lilikuwa la kijani. Fundi alilijua, lilikuwa limeondoka ndani ya lile begi moja. Aliganda pale kwenye pazia, karani wa benki, ambaye sasa alicheza kaka wa mke, akamsukuma kwenye nafasi yake.

Tendo la kwanza alilipita salama. La pili likaja, meza ikawekwa, sahani zikawekwa. Dada Stempu akasema lake na kusubiri. Fundi alifungua mdomo na kuona, safu ya tatu, vioo viwili vidogo vya miwani vikimeta kwa taa za jukwaani. Hakuweza kuona macho nyuma ya miwani.

"Mke wangu," alisema, "heshimu jasho langu."

Dada Stempu alikodoa macho. Mstari huo hakuwa ameusikia tangu mazoezini. Kabla hajajibu, kutoka safu za nyuma, mtu aliyekuja mara ya pili kwa ajili ya jambo moja tu alipaza sauti:

"Aa, Fundi, unatubania! Tafuna kimya!"

Wengine wakadakia. "Tafuna kimya! Tafuna kimya!" Ukumbi mzima ukacheka, na safari hii hata wanawake wachache. Fundi alisimama nyuma ya meza, kisu cha bandia mkononi, akisikia sauti zaidi ya mia zikimwambia mkewe maneno yale, na hapakuwa na bei ambayo angeweza kuwatajia ili waache. Kicheko kilipoisha, Dada Stempu alisema taratibu, "Kumbe miaka yote hii nilikuwa mgeni," na wale waliokuwa wakicheka wakajisikia vibaya, kisha wakasahau.

Baada ya pazia la mwisho hakubadilisha nguo. Alitoka na shati la Bwana Kokoto mpaka kwenye zile ngazi pana. Mkewe alikuwa amesimama ngazi ya chini kabisa, pembeni, ambapo watu hawamgongi.

"Umekuja," Fundi alisema.

"Hata wiki iliyopita nilikuja."

"Kiti kilikuwa kitupu, Bibie. Nilikiangalia mchezo mzima."

"Sikukaa kwenye kiti chako. Nilinunua tiketi yangu, nikakaa nyuma kabisa, karibu na mlango wa choo."

Fundi alishika ukingo wa ngazi. "Basi ulisikia."

"Nilisikia." Hakupandisha sauti. "Mara ya kwanza tulikuwa wawili, na mimi sikumwambia mtu. Hata dada yangu hajui. Miaka miwili nimeyaficha yale maneno, Fundi, nikidhani nakusitiri. Sasa nayasikia kwenye foleni ya kadi. Wagonjwa wanataniana nayo."

Watu walipita. Mmoja alimpiga Fundi bega, "Tafuna Kimya, hongera!" na kwenda zake. Mkewe alisubiri apite.

"Leo nimeyaacha," Fundi alisema.

"Nimeona. Uliniona pale mbele?"

Maisha yake yote Fundi alikuwa hajawahi kuulizwa swali bila kujua jibu lenye faida. Alilijua na hili. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, akalimeza.

"Nilikuona," alisema.

"Na kama hukuniona, ungeyaacha?"

"Sijui."

Mkewe aliivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena. "Hilo ndilo jibu la kwanza ulilowahi kunipa bila kuongeza bei."

"Rudi nyumbani."

Alilisema hivyo tu, bila kulizungushia kitu. Mkewe aliitazama barabara.

"Kile kiti chako ni kizuri kwa mbele," alisema. "Sikuwahi kukiangalia vizuri."

"Hujawahi? Kimekaa mle ndani miaka kumi na moja."

"Basi langu limefika," alisema, na kweli lilikuwa limefika, akaondoka haraka kwa hatua zake fupi, mkoba ameushika kwa mikono miwili.

Jumapili ya tatu Mwalimu alimngoja mlangoni na penseli yake. "Leo unasema mstari. Watu wanaujia."

"Siusemi."

"Fundi, umeshanipa. Huwezi kutoa kitu halafu ukakidai."

"Nilikupa ambacho nusu yake si yangu. Hata sokoni mali hiyo hurudishwa."

Walivutana. Mwishowe Mwalimu alikubali, kwa sharti kwamba akizomewa asimlaumu, na Fundi naye akaomba jambo moja: mtu wa taa aelekeze ile taa kubwa usoni kwake mezani, imchome, asiweze kuona safu hata moja. Mwalimu alimtazama kama alivyomtazama siku ile ya swali. Hakuuliza.

Mezani, mbele yake palikuwa na weupe mtupu. Mkewe angeweza kuwepo, angeweza kutokuwepo, mbele, nyuma, karibu na choo. "Mke wangu, heshimu jasho langu," alisema. Wakaita kama alivyotarajia. Alisubiri. Wakaita tena, wakapiga miguu. Alisubiri mpaka wakachoka, kisha akausema ule ule upya, kwa sauti ya chini, na mwishoni mwake sauti ilimponyoka ikawa ya kuomba. Makofi hayakuwepo. Dada Stempu alimjibu akilia, na hayo hayakuwa kwenye karatasi.

Baada ya onyesho alisimama kwenye ngazi mpaka mfagiaji akamwuliza kama anasubiri mtu au anasubiri ufagio. Gauni la kijani halikupita. Labda lilipita wakati anatoa kiti kwa mlango wa nyuma. Labda halikuja.

Alikivuta kiti mwenyewe kwa mkokoteni, jua bado halijazama, akakirudisha mahali pake, kikielekea mlango wa mbele. Lakini hakukikalia. Alisimama akijiuliza jambo dogo ambalo lilimshangaza kwamba halijui: katika chumba hiki, miaka ile yote, mkewe alikuwa anakaa wapi?

Alizunguka akitafuta. Kochi lilikuwa la wageni. Kitanda kilikuwa chumba kingine. Nyuma, kwenye mlango wa jikoni, kilikuwepo kigoda cha mbao ambacho yeye mwenyewe alikigonga kwa mabaki, kazi ya robo saa. Kimelainika katikati kwa kukaliwa. Fundi alikikalia, magoti yakamfika kifuani, akatazama mbele.

Hakuona mlango. Hakuona barabara. Aliona gunia. Mgongo wote wa kiti, upana wa mtu mzima, gunia lililokwanguka, limechanika kona moja, na misumari ishirini na kitu yenye vichwa vya kutu, mingine imepinda kwa sababu aliipiga kwa haraka akijua hakuna atakayeiona. Alikaa pale kwa muda mrefu kiasi cha kuwasha jiko, kupika na kula.

Kisha akaleta koleo na ile nyundo ndogo. Akang'oa msumari wa kwanza, wa pili. Mahameli ya rangi ile haikuuzwa tena, ila alikuwa na kipande alichokihifadhi, kimezungushiwa gazeti, kwa ajili ya siku ambayo mbele pangechakaa. Akakipima. Kilitosha mgongo, kikabaki cha kushona pindo.

Jirani alichungulia dirishani. "Fundi, leo Jumapili! Unagonga nini?"

"Mgongo."

"Mgongo? Na kiti kiko hapohapo ndani? Nani atauona?"

Fundi alikuwa na misumari mdomoni, ikambidi aiteme kiganjani kwanza.

"Yupo anayekaa huku," alisema, akairudisha mdomoni, akaendelea kugonga.